Fundi Aliyeuma Bisibisi

Nimeomba sana kabla ya kuandika haya, na hasira haijaisha. Nimeona niandike nikiwa nayo, kwa maana nikingoja iishe nitakuwa nimesahau nusu ya mambo, na mtu huyu si wa kukumbukwa nusu. Mimi ni mzee wa kanisa hapa Ikutha. Kwa miaka mingi nimewafundisha watu kusubiri: kusubiri mvua, kusubiri watoto waliokwenda mbali, kusubiri majibu ya maombi. Namshukuru Mungu kwa mengi, na la kwanza ni kwamba mke wangu yu hai ninapoandika. Lakini nusura nimpoteze kando ya barabara, kwa sababu ya gari lililokuwa likigonga na fundi aliyeniambia haligongi.

Sitamtaja jina. Hata sokoni hakuna aliyemwita kwa jina. Tuna mafundi wa viatu, wa nyumba, wa cherehani na wa pikipiki, lakini ukisema "nampelekea Fundi," kila mtu alijua unamaanisha yule mwenye uwanja nyuma ya mnada wa mbuzi. Uwanja wenyewe ulikuwa kibanda cha mabati, shimo la kuingilia chini ya gari, na ardhi iliyolowa oili ya zamani hata kuku walikataa kuichakura. Alifanya kazi peke yake. Wasaidizi aliwahi kuwa nao, wakaondoka mmoja mmoja kwa sababu ya mdomo wake.

Alijulikana kwa mlio. Breki na klachi hata fundi mwingine angeweza, lakini gari likianza kutoa sauti isiyojulikana, ile tik tik tik inayomfuata mtu kutoka Mutomo hadi nyumbani ikimnyima raha, watu walilileta kwake. Walitoka Kibwezi, walitoka Kitui mjini. Aliwapokea wote kama wamekuja kumwibia.

"Hii gari inalia tangu lini?"

"Tangu wiki iliyopita, Fundi."

"Uongo. Wewe umesikia wiki iliyopita. Gari imeanza kitambo. Ulikuwa umefungulia redio."

Redio aliichukia. Alisema watu wananunua redio ya gari kama blanketi, wafunike injini isionekane inaumwa. Ukiingia uwanjani na muziki, hata wa injili, aliweka mkono dirishani na kuizima yeye mwenyewe bila kukuomba.

Hakuwahi kugusa gari lenye mlio siku lilipoletwa. Lilipaswa kulala kwake. Alitaka kuliwasha asubuhi likiwa baridi kama jiwe, kwa sababu, alisema, injini ikiwa baridi haijui kudanganya. Kwanza alichomoa kile kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha, akakichomoa tena na kukinusa. Nilimwona siku moja akimpigia kelele dalali wa ng'ombe, mtu mnene mwenye kofia kubwa, kwa sababu kijiti kilitoka kikavu. Alimwongezea oili, tik tik ikapotea papo hapo, na bado akaendelea kumkemea.

"Wewe ng'ombe yako unaipa maji?"

"Naipa, Fundi."

"Kwa nini?"

"Isife."

"Toka hapa."

Kama oili ilikuwapo na mlio ukabaki, ndipo kazi ilianza. Alisimamisha soko. Sitii chumvi. Aliinua mkono, na watu waliomzoea walishusha sauti; aliyekuwa na gari lingine likinguruma karibu aliambiwa azime. Kulikuwa na kisiagi ng'ambo ya barabara, na mara kadhaa nilimwona akivuka kwenda kumwomba mwenye kisiagi asimamishe unga wa watu kidogo. Kuomba ni neno langu. Yeye alisimama tu mlangoni akikodoa macho mpaka mashine ikazimwa.

Kisha alichukua bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao. Ncha ya chuma aliiweka juu ya injini, mpini akaubana kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akafumba macho. Alihamisha ncha kidogo kidogo, kutoka silinda hadi silinda, kutoka juu hadi ubavuni. Mtu asingeweza kucheka. Ilikuwa kama kumwona daktari akimsikiliza mtoto kifua.

Nilikaa pale mara nyingi nikasikia maelezo yake, yaliyotolewa kwa ghadhabu kila mara. Mlio ukiwapo gari likiwa baridi, halafu ukafifia likipata moto, tazama gasketi ya ekzosi. Chuma kimevimba kikaziba ufa. Tafuta masizi meusi pale moshi unapochungulia. Mlio ukiwa mwepesi, unatoka juu, kama cherehani ya fundi nguo, na hauna haraka kama injini yenyewe bali unakwenda nusu yake, hizo ni tapeti, vile vyuma vidogo vinavyosukuma vali, zimelegea. Ukichomoa waya wa plagi moja na mlio ukabadilika, umeipata silinda mgonjwa. Na ukiwa mzito, unatoka tumboni, unaongezeka gari likipanda mlima na mzigo, alisema, "Huo si mlio. Hayo ni mazishi. Zima na utafute kamba ya kuvuta."

Baada ya kila jambo dogo alilolifanya alisema maneno mawili: "Washa tena." Mwenye gari aliwasha. Alisikiliza. "Zima." Alikaza kitu. "Washa tena." Angeweza kuendelea hivyo asubuhi nzima, na ole wako uchoke. Maneno hayo yalikuwa yake peke yake. Zamani kidogo, mke wangu kabla hajaugua, tulikuwa pale na gari letu, yeye ameketi mbele. Fundi alikuwa ameridhika na anafuta mikono. Mke wangu akatoa kichwa dirishani.

"Fundi, hebu washa tena. Nafikiri nimesikia kitu."

Aligeuka polepole. Alimwita mwaitu, maana yake mama kwa Kikamba, na hiyo ndiyo heshima pekee iliyokuwamo katika jibu lake. "Mwaitu, hapa anayesema washa tena ni mimi."

Akafunga boneti kwa kishindo. Mke wangu alicheka njia nzima hadi nyumbani. Tangu siku hiyo, nilipokuwa mkaidi kwa jambo lolote, hata la chumvi kwenye mboga, aliinua kidole na kuniambia, "Hapa anayesema washa tena ni mimi."

Nisimfanye mtakatifu, hakuwa. Hakukubali kosa. Niliona kwa macho yangu akifungua kichwa chote cha injini ya gari la mfanyabiashara mmoja wa Mutomo, akitafuta mlio. Siku tatu vyuma vilikuwa vimetandazwa juu ya gunia. Mlio ulikuwa kitawi kikavu cha mti kilichonasa kwenye feni. Alikitoa, akakivunja vipande viwili, akavitia mfukoni, akarudisha injini yote. Mwenye gari alipouliza tatizo lilikuwa nini, alimjibu, "Nimelitoa." Na mimi niliyeona kila kitu alinitazama kwa namna iliyonifanya nichunguze viatu vyangu.

Lakini nilimwona pia akilala matopeni chini ya gari lililobeba jeneza, amevaa suti ya kanisani, kwa sababu spindo, chuma kinachoshika gurudumu, ilikuwa imelegea na alikataa waombolezaji waendelee nalo hivyo. Aliwatukana wote, pamoja na wafiwa. Kisha alitembea mbele ya gari hilo hadi makaburini, suti imetapakaa tope, akilitazama gurudumu badala ya jeneza.

Jirani yake uwanjani alikuwa mama anayepika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, na hao wawili waligombana kila siku ya Mungu. Moshi wa mama unamwingia Fundi machoni, oili ya Fundi inanuka kwenye sufuria, meza ya mama imevuka mpaka. Mama huyo alipiga kelele kama yeye, na zaidi. Ikifika saa ya chakula alimwekea sahani juu ya bati la gari lolote lililokuwapo, akaligonga kwa upawa, na Fundi akageuka akala bila kushukuru. Nilidhani kule kugonga kwa upawa ni dharau. Nilidhani mengi.

Kanisani pia alitusumbua. Aliketi benchi la mbele kabisa, chini ya kipaza sauti, mahali pa wazee na wageni. Hakuitikia salamu. Mtu alimwambia "Bwana asifiwe" kwa upole akiwa pembeni yake, naye akapita kama amepita mti. Wimbo ukianza aliingia amechelewa, na ukiisha yeye bado alikuwa na neno moja mdomoni. Halmashauri ya kanisa ilisema ni kiburi. Nilishauri tumvumilie, walisema uvumilivu wangu ndio unaowaharibu watu. Siku moja walikuja wageni, mhudumu akamgusa bega ahamie nyuma. Fundi alitazama benchi la nyuma, akatazama kipaza sauti, akachukua kofia yake akatoka. Hakurudi. Waliohubiri juu ya upole wiki hiyo hawakumfuata. Hilo pia limo katika hasira yangu, na nimewaambia.

Sasa nieleze jambo lenyewe.

Mke wangu figo zake zimechoka. Mara mbili kwa wiki lazima afikishwe hospitali, upande wa Makindu, akasafishwe damu kwa mashine. Kutoka Ikutha tunaondoka alfajiri, tunavuka mto Athi, tunapanda hadi Kibwezi, halafu tunaingia barabara kuu ya Mombasa. Akikosa zamu yake, maji yanajaa mwilini, miguu inavimba, kisha pumzi inakuwa fupi. Daktari alitueleza bila kuficha: asikose. Hawezi kusubiri gari la abiria lijae, wala kukaa amebanwa. Tuna gari letu dogo la zamani, jeupe, la wakati ule magari yalikuwa na kabureta. Siku hizi ndilo miguu yake. Ninapolisikia likitoa sauti mpya, napunguza mwendo kabla ya kujua ni nini.

Mwaka jana, baada ya mvua, lilianza. Tik tik tik, nyepesi, kutoka juu. Nilipima oili kama nilivyofundishwa, ilikuwapo. Nikalipeleka kwa Fundi siku ambayo mke wangu alikuwa ametoka kwenye mashine, ili lilale kwake na kesho yake lisikilizwe likiwa baridi. Asubuhi nilikuja na mke wangu. Alitaka kutoka nyumbani, akakaa kiti cha mbele akijifunika shuka.

Fundi aliinua mkono, soko likanyamaza. Nikawasha. Akachukua bisibisi ile ile, lakini hakuipeleka sikioni. Aliuma mpini kwa meno. Alisimama ameinama hivyo, bisibisi imetoka mdomoni kama mbwa aliyebeba mfupa, macho yamefumbwa, ncha ikitembea juu ya injini. Nilidhani ni mbwembwe za uzee. Alifungua kifuniko cha juu, akachukua geji yake ya vipande vyembamba, akarekebisha tapeti moja baada ya nyingine, kwa uangalifu uleule wa siku zote. Akafunga.

"Washa tena."

Niliwasha. Akauma bisibisi. Akaitoa mdomoni.

"Imenyamaza. Enda."

Tik tik tik tik.

"Fundi," nilisema, "bado inagonga."

Hakunijibu. Nikasogea mbele yake, nikarudia. Uso wake ukabadilika.

"Nani fundi hapa, mimi ama wewe? Mimi nikienda kwako kanisani nakufundisha kuomba?"

Nilifunga mdomo. Wasomaji wa mbali hawataelewa hili, na wa hapa wataelewa mara moja. Kwetu mtu akishapata jina la kazi kwa miaka mingi hivyo, ukisikia tofauti na yeye unaanza kujitilia shaka wewe. Hatumbishii. Tunajiambia ni sisi tusiojua. Niliingia ndani, nikafunga mlango.

"Inagonga," mke wangu alisema.

"Fundi amesema imenyamaza. Labda ni masikio yetu."

"Yote manne?"

Zamu yake ilipofika tulitoka alfajiri kwenda hospitali. Mlio ulitusindikiza hadi mtoni. Tulipovuka daraja la Athi na kuanza kupanda, ulishuka kutoka juu ukaingia tumboni mwa gari. Ukawa mzito. Nilikumbuka neno mazishi, nikapunguza mwendo ili nisimame mahali penye kivuli, na kabla sijakipata taa nyekundu ya oili ikawaka, kikasikika kitu kama nyundo imeanguka ndani ya pipa, na injini ikakwama. Hapo ndipo ilinyamaza.

Sitaandika saa zile zote. Jua lilipanda. Niliwasimamisha waliopita, na magari ya asubuhi huko ni machache. Yaliyopita yalikuwa yamejaa. Mke wangu hakulalamika. Alivua viatu kwa sababu miguu ilikuwa imeanza kujaa, akaviweka vizuri kando ya kiti, vimeelekea mbele, kama mtu anayetarajia kuvivaa tena. Niliviona viatu hivyo nikashindwa kuomba. Nilifungua mdomo niombe, kikatoka kitu kingine.

Aliyetusaidia alikuwa dereva wa lori la mbuzi, Mwislamu wa kaskazini mashariki. Alisimama kabla sijainua mkono.

"Mzee, huyu mama anaumwa?"

"Figo. Tunakwenda Makindu."

"Bismillahi, apande mbele. Wewe utakaa na mbuzi. Utanisamehe."

Nilikaa na mbuzi. Mungu ambariki mtu huyo popote alipo. Barabara yote aliendesha kama amebeba mayai. Tulifika zamu ya mke wangu imepita na mashine ina mtu mwingine. Wauguzi walihangaika, walitafuta nafasi, na alipowekwa ilikuwa jioni na pumzi yake ilikuwa na sauti ya maji yanayochemka. Nilisimama kwenye korido. Wanaosema mzee wa kanisa hakasiriki hawakuniona pale.

Aliishi. Siku kadhaa baadaye tulirudi nyumbani kwa gari la jirani mwema, na huyo ndiye aliyetupeleka tangu hapo, kila mara tukihofia kwamba safari ijayo hataweza. Gari letu lilivutwa hadi kwetu. Aliyelivuta alifungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, akanionyesha: chujio la pampu ya oili lilikuwa limezibwa na uchafu mweusi mzito kama lami. Oili ilikuwapo, haikuwa ikipanda. Ndiyo maana juu kulikuwa kukigonga. Tapeti zilikuwa zikilia kiu, na yeye alizikaza.

Nilingoja nipoe. Nilijipa muda, nikaomba, nikapanga maneno ya kiasi. Siku ya soko nilikwenda. Fundi alikuwa ameinamia injini, amenipa mgongo.

"Fundi," nilisema kwa utulivu, "nimekuja tuzungumze kama ndugu."

Hakugeuka. Nilisema tena. Nilimweleza, nikiwa nyuma yake, habari ya daraja, ya viatu, ya mbuzi. Nilitumia sauti ile niliyoitumia miaka yote kuwapatanisha watu na wake zao. Spana yake iliendelea kuzunguka. Mtu anaweza kukutukana ukavumilia. Anayekupa mgongo ukimwambia habari za mkeo kukata pumzi, huyo ni mwingine.

"Mzee, hakusikii," alisema mama wa muthokoi kutoka jikoni kwake.

"Ananisikia vizuri sana."

"Nimekwambia hakusikii. Masikio yalikwisha kwenda. Kelele za vyuma zimeyala."

Alichukua upawa, akaligonga bati la lile gari mara moja. Fundi, mkono wake ukiwa juu ya chuma, aligeuka.

Nilisimama pale, na kila kitu nilichokuwa nakijua juu yake kikaanza kujipanga upya mbele yangu. Sahani na upawa. Benchi la mbele. Wimbo uliochelewa. Meno kwenye mpini, akitafuta kwa mfupa kile ambacho sikio halikileti tena. Hasira yake yote tuliyoiita tabia. Alikuwa akipiga kelele, nasi tukampigia kelele kumjibu, na kwa hiyo alitusikia, na hakuna aliyejua. Aliyeshindwa kumsikia ni mimi tu, mtu mpole.

"Wewe ulijua?" nilimuuliza mama wa muthokoi.

"Alinikataza kusema. Mzee, nani atampelekea gari fundi asiyesikia?"

Nilidhani nitamhurumia. Nawaambia ukweli: sikumhurumia. Hasira ilipata mahali pa kukaa. Nilimkaribia Fundi uso kwa uso, na mimi ambaye sijawahi kuinua sauti hata kwa mbwa, nilipiga kelele hadi mnada wa mbuzi ukasimama.

"Uliniambia imenyamaza!"

Alitazama mdomo wangu.

"Sema tena," alisema. "Usifanye haraka. Nataka nione maneno."

"Uliniambia. Imenyamaza."

Aliketi juu ya tairi. Akafuta mikono, kidole kwa kidole.

"Kwangu ilikuwa imenyamaza," alisema. "Kwangu zote zimenyamaza, mzee."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungefanya nini? Ungeniombea. Halafu ungepeleka gari kwa fundi mwingine."

Ilikuwa kweli, na ukweli wake ulinichoma zaidi. "Basi ulichagua jina lako, ukaacha pumzi ya mke wangu."

Nilingoja ajitetee. Yule aliyejua kumgeuzia kila mtu maneno, nilingoja anigeuzie.

"Ndiyo," alisema.

Nikaondoka.

Jua limechwa mara nyingi tangu siku hiyo. Wenzangu kanisani wananiuliza kama nimemsamehe. Nawajibu kwamba nimeanza, na kwamba wao waanze kwa kwenda kumwomba arudi kwenye benchi lake. Hawapendi jibu hilo.

Mwezi uliopita alikuja nyumbani kwetu. Alikuja kwa miguu, ana sanduku la vyuma begani. Hakubisha hodi, alipita moja kwa moja hadi gari lilipokuwa limekaa juu ya mawe, kuku wamelala ndani, akafungua boneti.

Nilitoka. Nilisimama mbele yake ili anione mdomo. "Sijakuita."

"Najua."

"Hilo gari halitaguswa na wewe."

Mke wangu alikuwa mlangoni. "Mwache," alisema.

"Huyu?"

Akainua kidole chake. Sikuwa nimekiona kidole hicho tangu aanze kuumwa. "Anayeketi ndani ya gari hilo kwenda hospitali ni mimi. Mwache afungue."

Alifungua. Siku nyingi alikuja asubuhi akaondoka jioni. Vyuma vilivyohitaji kuchongwa vilipelekwa Makindu vikarudi. Alisafisha chujio, pampu, kila njia ya oili, akapuliza kwa mdomo na kuangalia mwanga upande wa pili. Hakupiga kelele hata mara moja. Nilimletea chai nikaiweka juu ya bati na kuligonga kwa kijiko. Nilikuwa bado nimekasirika. Nilimletea chai nikiwa nimekasirika. Nimegundua kwamba mambo hayo mawili yanaweza kukaa katika sinia moja.

Siku ya mwisho alikataa kuwasha. Alisema lilale. Kesho yake ilikuwa siku ya mke wangu ya hospitali, na gari la jirani lilikuwa limeharibika Kibwezi. Tulijua sote watatu maana yake. Kukapambazuka. Mke wangu aliketi kiti cha mbele, amejifunika shuka, viatu miguuni. Injini ilikuwa baridi kama jiwe.

"Washa," alisema Fundi.

Niliwasha. Ilishika mara ya kwanza. Aliuma mpini wa bisibisi, akapita juu, akapita ubavuni, akashuka chini kwenye sampu, akakaa huko muda mrefu amefumba macho. Akaitoa mdomoni. Mimi sikusikia kitu ila injini yenyewe ikinguruma taratibu, lakini masikio yangu niliacha kuyaamini siku ile nilipokubali kunyamazishwa.

Nilingoja aseme imenyamaza. Hakusema. Alizunguka gari, akaja dirishani kwa mke wangu, akasimama mahali ambapo mwanga ulimwangukia mke wangu usoni, akavua kofia.

"Mwaitu," alisema, "niambie."

Mke wangu alifumba macho akasikiliza. Hakuharakisha. Alimwacha pale amesimama na kofia mkononi, kama Fundi mwenyewe alivyotuacha sote tumesimama miaka yote. Kisha akafumbua macho, akamtazama, akasema kwa midomo iliyofunguka vizuri, neno moja moja, ili asikose hata moja:

"Zima. Washa tena."

Fundi alinitazama mimi kwenye usukani. Akaniashiria kwa mkono, nikazima. Akaniashiria tena, nikawasha. Akarudi dirishani, akayakazia macho midomo ya mke wangu, na tukangoja.